Safari ya Visiwani na Homa Inayorudi Nawe Nairobi

Uwe uko Makina, Laini Saba, Gatwekera ama Soweto, uwe uko upande ule mwingine wa Kawangware, Gatina ama Kabiro, sogeza kiti karibu na redio. Na kama unapika, endelea kupika, masikio hayana kazi jikoni.

Leo tunazungumza juu ya safari. Sina maana ya safari ya ndege. Ni safari hii yetu ya kwenda nyumbani, hasa kwa wale ambao nyumbani kwao ni visiwani katika Ziwa Viktoria: Rusinga, Mfangano, Takawiri, Remba, Ringiti, Mageta. Hapa Kibera wapo wengi. Na ninyi wa Kawangware ambao nyumbani ni Vihiga, Kakamega, Bungoma ama Busia, msizime redio mkidhani mazungumzo haya ni ya Wajaluo na Wasuba peke yao. Habari ya mashua huenda ikawapita, lakini ya mbu na ya basi ni yenu pia.

Hebu fikiria jambo hili. Mtu akiambiwa kwamba kesho anakwenda Haiti, kule katika visiwa vya Karibea ambako askari polisi wetu walianza kupelekwa mwezi wa Juni 2024, atauliza maswali mengi kabla ya kufunga begi. Kuna magonjwa gani kule? Nidungwe sindano gani? Maji yanyweka? Na ana sababu ya kuuliza, kwa maana kisiwa hicho ambacho Haiti na Jamhuri ya Dominika wanakigawana ndicho pekee katika Karibea ambacho malaria bado haijang'oka. Lakini mtu huyo huyo akipigiwa simu kwamba shangazi yake amefariki Mfangano, anauliza swali moja tu: nauli imefika ngapi? Hali malaria ya Ziwa Viktoria ni nyingi kuliko ya Haiti, tena kwa mbali sana.

Hatuulizi kwa sababu tunakwenda kwetu. Mtu haogopi kwao. Lakini mwili wako, ndugu msikilizaji, haujui habari ya kwao. Unajua tu mahali ulipolala jana, na mwaka jana, na mwaka juzi.

Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Baridi yake haimpi nafasi mdudu wa malaria kukomaa vizuri ndani ya mbu. Wale mbu wanaotusumbua huku kwenye mitaro, wengi wao ni wa aina inayozaliana katika maji machafu. Wanauma na wanakera, lakini si hao wanaoeneza malaria. Ukishuka hadi ziwani, kiasi cha mita 1,134, joto linaongezeka na mbu mwenyewe yuko. Serikali ilipofanya uchunguzi mwaka wa 2020 na kuwapima watoto damu, nchini kote watoto 6 katika kila 100 walikutwa na malaria. Katika eneo la ziwa walikuwa 19 katika kila 100. Miaka mitano nyuma, mwaka wa 2015, eneo hilo la ziwa lilikuwa na 27. Basi imepungua, na tushukuru, lakini hiyo 19 bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watano.

Sasa utasikia mtu akisema, "Lakini mimi nimezaliwa kule, nimekula omena kule, malaria imenizoea." Tusikilizane vizuri hapa, maana ndipo watu wanapoumia. Ni kweli kwamba anayeishi ziwani, baada ya kuumwa na mbu mwaka baada ya mwaka, mwili wake hujenga kinga kiasi. Si kinga kamili, ila ni ya kumfanya augue kidogo tu, au asiugue kabisa hata kama wadudu wamo katika damu. Ndiyo maana nyanya anaweza kuwa na malaria mwilini na bado anaanika omena. Lakini kinga hiyo ni kama moto wa kuni: usipoongezwa kuni unafifia. Ukikaa Kibera miaka kadhaa bila kuumwa na mbu wale, kinga inapungua. Na mtoto wako aliyezaliwa Pumwani ama Mbagathi, akakulia Kianda, hakuwahi kuwa nayo hata kidogo. Mbu yule yule akimuuma binamu yake wa Mfangano na akamuuma yeye usiku huo huo, binamu huenda akapata joto la siku mbili. Wako anaweza kushikwa na degedege.

Ndugu zetu wanaoishi Ulaya wana hadithi hiyo hiyo. Kule Uingereza hakuna malaria ya kuambukizwa huko, lakini kila mwaka hugunduliwa wagonjwa zaidi ya 1,000, na sehemu kubwa yao si watalii wazungu. Ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kusalimia jamaa zao. Walikuwa na imani ile ile: nakwenda kwetu.

Basi tufanyeje? Chandarua kwanza. Chandarua kilichotiwa dawa, kibebe kutoka Nairobi, usingojee kukikuta. Nyumba yenye msiba ina wageni 50 na vyandarua 3, na mgeni mwenye aibu hataomba. Kikunje uweke chini ya begi, hakina uzito. Kwa watoto hilo si la kujadiliwa: ikifika saa mbili usiku watoto wako ndani ya chandarua, na kingo zimechomekwa chini ya godoro au mkeka.

Lakini mnajua ninyi wenyewe matanga yalivyo. Watu hawalali. Wanakaa nje, kwenye viti, kwenye turubai, kuna kwaya, kuna muziki, kuna moto katikati, na wengine wanasinzia hapo hapo mpaka jogoo awike. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku wa manane kuelekea alfajiri. Hizo ndizo saa ambazo umelegea kwenye kiti, shingo imeinama, miguu iko wazi. Siwezi kukwambia usikeshe na wafiwa, hilo ni jambo la heshima. Ninachosema ni hiki: vaa suruali ndefu na soksi, mama ajifunge leso mbili badala ya moja, mjipake mafuta ya kufukuza mbu kwenye sehemu zilizo wazi, na mpeane zamu. Wengine wakeshe nusu ya usiku, wengine nusu nyingine. Marehemu hatabaki peke yake.

Nataka mjue pia kwamba watu wa visiwani hawajakaa tu wakingojea mbu. Kule Rusinga, kati ya mwaka wa 2012 na 2015, watafiti wa kituo cha icipe pamoja na wenzao wa Uholanzi na Uswisi walishirikiana na wenyeji kufunga mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua, karibu kila nyumba kisiwani. Mtego unatoa harufu inayofanana na ya binadamu, mbu anadhani ni chakula, anavutwa ndani. Paneli ile ile ikampa mwenye nyumba taa na mahali pa kuchaji simu, kwa hiyo nyumba nyingi zikapokea. Matokeo yalipochapishwa mwaka wa 2016, malaria ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 30 katika nyumba zenye mitego, na mbu wa aina moja hatari sana walikuwa wamepungua kwa karibu asilimia 70. Na chanjo ya malaria kwa watoto ilipozinduliwa hapa Kenya tarehe 13 Septemba 2019, ilizinduliwa Homa Bay. Chanjo hiyo ni ya watoto wanaoishi kaunti za ziwani, huanza wakiwa na miezi 6, na ni dozi 4. Si sindano ya msafiri. Usikimbie nayo akilini ukidhani mwanao atadungwa leo na kesho apande basi.

Kwa msafiri kuna dawa za kumeza za kuzuia malaria. Nyingine humezwa kila siku kuanzia siku moja au mbili kabla ya kuondoka, nyingine mara moja kwa wiki na huanza wiki 2 au 3 mapema, na zote huendelea kumezwa hata baada ya kurudi. Haziwafai watu wote: ile ya doksisaiklini, kwa mfano, haipewi mama mjamzito wala mtoto aliye chini ya miaka 8. Kwa hiyo muulize daktari au mfamasia, usiulize jirani. Mwenye ugonjwa wa selimundu asisafiri kabisa bila kupita kliniki yake, kwa sababu malaria kwake ni hatari maradufu na yuko katika kundi linalopaswa kupewa dawa ya kinga. Na hii tabia ya kumeza dozi ya AL kabla ya kusafiri, eti kujikinga, achaneni nayo. AL ni dawa ya kutibu.

Mama mjamzito, na wewe nikuambie lako. Katika kaunti za ziwani na Pwani, kliniki ya wajawazito huwapa akina mama vidonge vya SP vya kuzuia malaria, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita. Hapa Nairobi hupewi, kwa sababu malaria haiko. Kwa hiyo ukiamua kwenda kujifungulia kwa mama mkwe Rusinga, mwambie muuguzi wako kabla hujaondoka, na ukifika kule ingia kliniki wiki hiyo hiyo, usingoje tarehe. Ila mama anayemeza Septrin kila siku hachanganyi na SP. Onyesha dawa zako zote, hata zile unazozificha ndani ya soksi.

Na kwa kuwa nimetaja dawa za kufichwa, niliseme kabisa. Wapo kati yetu wanaomeza dawa za ARV. Uchunguzi wa taifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba Homa Bay karibu mtu mzima mmoja katika kila watano anaishi na virusi vya ukimwi, kwa hiyo huendi mahali ambapo jambo hili ni geni. Hata hivyo mtu anakwenda matanga ya siku tano, analala chumba kimoja na mashemeji tisa, anaogopa kuonekana na mkebe, anaacha dawa Nairobi. Siku tano zinakuwa kumi, kwa sababu msiba hauna ratiba. Chukua dawa za siku ulizopanga na uongeze za wiki mbili. Zitoe kwenye mkebe unaotoa mlio, uziweke katika pakiti ya kawaida iliyokauka. Ukiishiwa, vituo vya afya vya kule vinatoa dawa hizo, hata Mfangano. Nenda na kadi yako. Na hilo linawahusu wa presha na wa kisukari vile vile.

Sasa tupande basi. Kutoka hapa mpaka Mbita ni karibu kilomita 400. Yale yanayohusu barabara mnayajua, nitapita haraka. Mikanda ya usalama ilikuwa lazima tangu kanuni za marehemu waziri Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Lakini tunasafiri usiku, na usiku ndio umekuwa ukitumaliza. Tarehe 31 Desemba 2017 pale Migaa karibu na Salgaa, basi na lori yaligongana kabla ya kupambazuka, watu 36 wakafa. Tarehe 10 Oktoba 2018 basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega lilianguka Fort Ternan, alfajiri pia, na waliokufa walipita 50. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, safiri mchana.

Kwenye basi la kukodi la mazishi kuna jambo jingine, na hili ningependa kamati zetu za mazishi zilisikie. Mnachanga pesa, mnapanga jeneza, mnapanga kitoweo, turubai, vipaza sauti. Dereva anaendesha usiku wa Alhamisi mpaka asubuhi. Ijumaa mchana yuko kwenye kelele na jua, hakuna aliyemwonyesha kitanda. Jumamosi mazishi yakiisha, watu wanasema, "Haya dereva, kazini Jumatatu," naye anashika usukani tena usiku. Mtu huyo ana usingizi wa siku tatu machoni na roho za watu 60 mgongoni. Tarehe 8 Agosti 2025, mchana kweupe, basi lililokuwa likiwarudisha waombolezaji kutoka mazishini lilipata ajali Kisumu, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba huyo dereva alilala, hiyo si kazi yangu. Nasema basi la mazishi linabeba ukoo mzima kwa mara moja. Kwa hiyo katika ile orodha ya gharama, andikeni dereva wa pili. Kama pesa haitoshi, andikeni kitanda cha dereva, na mtu wa kuhakikisha amekilalia.

Tumefika Mbita. Anayekwenda Rusinga anavuka daraja. Anayekwenda Mfangano anapanda mashua, zaidi ya saa moja majini, mpaka Sena. Hapo wengi wetu tuliokulia mjini tunajifanya wavuvi, na hata kuogelea hatujui.

Mashua ina dalili zake kama mgonjwa. Kabla hujaweka mguu, itazame. Maji yamo ndani kiasi gani, na kuna anayeyachota? Ubavu wake umebaki umeinuka juu ya maji, au umezama mpaka unaweza kuchovya mkono ukiwa umekaa? Mizigo imewekwa wapi? Saruji, kreti za soda, magunia na jeneza, vyote pamoja na watu? Nahodha amelewa? Ukiona dalili mbili mbaya, ngoja mashua nyingine. Utachelewa na shangazi zako watanung'unika. Wanung'unike.

Jaketi la kuokolea maisha lazima livaliwe, na livaliwe kabla ya mashua kuondoka. Kulikalia kama mto hakusaidii, wala kulishika mkononi, na lile lililofungwa kwa kamba kwenye mwimo hadi maafisa waonekane ni pambo tu. Mwanamume wa Nairobi aliyevaa suti ya mazishi huona jaketi linamwaibisha. Mtoto naye havai jaketi la mtu mzima, litampanda kichwani na atateleza kutoka chini. Uliza la mtoto. Kama hakuna kabisa, jerikeni tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri linaelea na linaweza kumshikilia mtu, lakini hilo ni la dharura, halichukui nafasi ya jaketi.

Wakati nao una maana. Asubuhi mara nyingi maji huwa yametulia. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto, upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani, na alasiri mawimbi yanaweza kuwa makubwa. Usiku kuna radi na dhoruba zinazozuka ghafla. Wenyeji wanaposema leo ziwa limekasirika, usibishane nao kwa sababu tiketi yako ya kurudi ni ya jioni.

Na mkifika ufukweni, kaeni. Hili nalisema kwa uzito. Kivuko cha MV Nyerere kilichozama Tanzania tarehe 20 Septemba 2018 kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walipita 220. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika kisiwa cha Ukara, watu wa kisiwani wanakiona, na walionusurika walisema abiria walikuwa wamehamia upande mmoja wakijiandaa kushuka. Miaka 22 kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba nayo ilizama karibu na Mwanza, mwisho wa safari. Mtu ameona nyumba za kwao, ameona watu wanapunga mikono, anasimama, na wenzake wote wanasimama upande huo huo. Mashua ndogo ya mbao haihitaji watu mia kupinduka, watu kumi wanatosha. Shukeni mmoja mmoja, wa mwisho akiwa bado amekaa. Na ikipinduka, shikilia mashua yenyewe. Ni mbao, inaelea. Wengi huzama wakijaribu kuogelea kwenda ufuko wanaouona karibu, kumbe si karibu.

Kuhusu maji yenyewe, machache. Usinywe maji ya ziwa bila kuyachemsha au kuyatia dawa, kwa maana kipindupindu hakikauki katika fuo zenye vyoo vichache. Usiende ufukweni alfajiri au magharibi peke yako, kiboko hupanda nchi kavu saa hizo. Na kichocho. Wadudu wake wanatoka kwa konokono wadogo wa majini na kupenya ngozi yako ukiwa umesimama tu unafua au unaoga, hata dakika chache. Wengi tunakijua kichocho cha Pwani, kile cha mkojo wenye damu, na kwa hiyo mtu anangoja mkojo wake uwe mwekundu. Kichocho cha Ziwa Viktoria hakiendi kwenye kibofu, kinakwenda kwenye utumbo na ini. Dalili zake ni maumivu ya tumbo, kuhara, wakati mwingine damu kwenye choo kikubwa. Ukiwa uliingia ziwani, pimwa choo wiki 6 hadi 8 baada ya kurudi, si siku ya pili, na dawa ya prazikwanteli itakuponya. Maji ya kuoga yaliyochotwa ziwani, yakikaa siku 2 kwenye pipa lililofunikwa bila konokono, wadudu hao huwa wamekufa.

Haya, mmezika, mmerudi, Jumatatu umekwenda kazini Industrial Area. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kuliko mahali pengine pote.

Mbu akikuuma leo, homa haiji kesho. Huchukua siku 7 kwa uchache, mara nyingi siku 10 hadi 15, na inaweza kuchelewa zaidi. Maana yake ni kwamba malaria ya Mfangano haikupati Mfangano. Inakupata hapa, kwenye chumba chako cha kukodi, wakati umeshasahau safari. Unaumwa kichwa, viungo vinauma, unatetemeka, unatapika. Unasema ni vumbi la barabarani, ni uchovu wa msiba, ni baridi ya Julai. Unapita kwenye duka la dawa, unapewa vidonge vya maumivu. Siku ya tatu unaambiwa ni homa ya matumbo, unaanza dawa za homa ya matumbo. Wakati huo wote malaria inakula damu. Na mhudumu wa hapa Nairobi, akiona mtoto wa Kibera mwenye joto na kikohozi, atafikiria mapafu kwanza, si malaria, na mara nyingi huwa hakosei. Yeye hajui ulikokuwa. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha tiketi ya basi.

Kwa hiyo ukifika kituo cha afya, iwe Kibera South, iwe Riruta, iwe zahanati yoyote, neno la kwanza kabla hata ya kueleza panapouma liwe: nilisafiri. Sema ulikwenda wapi, ulirudi lini. Sema mtoto alilala bila chandarua kama alilala bila. Homa yoyote ndani ya miezi 3 baada ya safari ya ziwani, neno ni hilo hilo. Watakudunga kidole, na kwa kipimo cha haraka jibu linatoka kwa dakika kama 20. Kikionyesha hakuna na homa haiachi, rudi siku inayofuata upimwe tena, kwa sababu mwanzoni wadudu wanaweza kuwa wachache wasionekane.

Ikiwa ni malaria ya kawaida utapewa AL. Mtu mzima ni vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24. Mtoto kwa uzito wake. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Meza pamoja na chakula, maziwa yakiwepo ni vizuri zaidi, mafuta husaidia dawa kuingia. Malizeni zote. Najua hali zetu: baba amepata nafuu siku ya pili, mtoto naye ana joto, mama anagawa vidonge vilivyobaki kati yao. Mwishowe hakuna aliyepona. Mtoto apelekwe apimwe apate zake.

Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akiwa mlegevu haamki vizuri, akipumua kwa kasi, viganja vikiwa vyeupe au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, usimpe kidonge, usimkande kwa maji ukingoje asubuhi. Hiyo ni malaria kali, inahitaji sindano hospitalini, Mbagathi ndiko karibu kwa wa Kibera. Na kama mjuavyo, gari haliingii Silanga wala Lindi usiku. Basi leo, kabla ya safari yoyote, jueni ni bodaboda gani anayepokea simu saa nane usiku, na ni jirani yupi mwenye tochi na miguu ya kuwasindikiza mpaka barabarani. Namba hiyo iandikwe ukutani, si kwenye simu tu, kwa kuwa simu huzimika.

Muda wetu umekwisha. Wiki ijayo, siku na saa kama hii, tutazungumza juu ya mtoto anayeharisha na namna ya kumchanganyia maji ya chumvi na sukari. Mwe na kijiko cha chai karibu. Kwaherini.